Mrejesho: kazi nimepata

Ndugu zangu, nimerudi. Niliwauliza kwa nini natuma maombi ya uhasibu kila siku kwenye tovuti za ajira na sijibiwi. Mlioniambia niikague CV mligusa penyewe. Niliipanga kwa safu mbili na majedwali. Nilipoinakili kwenye ukurasa mtupu, tarehe zikaangukia katikati ya majina ya waajiri. Huenda programu ambazo waajiri hutumia kuchuja maombi zilisoma vurugu hiyohiyo! Nikaipanga kwa safu moja, nikatumia maneno ya tangazo lenyewe. Nikawasha arifa za nafasi mpya, nikawa naomba nafasi chache zinazonifaa, siku ileile zinapotangazwa. Nikaanza kuitwa kwenye usaili, na wa pili ukanipa kazi. Naanza Jumatatu. Asanteni sana, hasa uliyesisitiza niombe moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni.