Lipu ya chokaa au ya saruji, boriti au zege? Nyumba ya mawe ya familia Mji Mkongwe, pesa kidogo

Mrithi_Mkunazini

Salaam wakuu. Nyumba ni ya familia, warithi tupo wengi na mchango uliopatikana hautoshi kwa kila kitu, kwa hiyo naomba tulinganishe kabla hatujanunua hata mfuko mmoja.

Hali ilivyo: kuta za mawe ya matumbawe, unene sentimita 50 hivi, ghorofa moja juu, vyumba vina upana wa mita 2.7. Chini, kuta za ndani zilipigwa lipu ya saruji zamani. Sasa imevimba, inatoa unga mweupe na kudondoka, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mita moja. Juu, dari ya chumba kimoja imelegea katikati na boriti nne zimeoza ncha zilizomo ukutani. Bati lina kutu, linavuja upande wa bafu. Eneo la kupiga lipu upya ni mita za mraba 60.

Fundi wa kwanza anasema tubomoe lipu yote na kupiga saruji nzito zaidi yenye dawa ya kuzuia maji, kisha tumwage zege juu. Wa pili anasema chokaa na boriti, lakini bei yake ya kazi ni kubwa. Nani yuko sahihi, na tuanzie wapi?

FundiChokaa

Huo unga mweupe ni chumvi, na ndiyo inayokueleza kila kitu. Ukuta wa matumbawe hauna msingi wa kuzuia maji, unanyonya unyevu kutoka ardhini siku zote. Zamani unyevu ule ulitoka taratibu kupitia lipu ya chokaa na ukuta ukabaki na nafuu. Saruji inaufungia. Maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu, inatanuka, inaisukuma. Ukipiga saruji nzito zaidi yenye dawa utapata miaka michache ya ukuta mzuri, kisha unyevu utapanda hadi kimo cha dirisha. Kwa hiyo kwa kuta zile za chini mimi sina kigugumizi: chokaa.

Gharama ya vifaa haitofautiani kama watu wanavyodhani. Kuta za mawe hazinyooki, kadiria unene wa wastani milimita 25. Mita 60 zinataka mita za ujazo 1.5 za lipu.

Kwa chokaa, sehemu moja kwa mchanga tatu: mchanga mita za ujazo 1.5, uji mzito wa chokaa lita 500, yaani madebe 25. Mfuko wa kilo 25 ukilowekwa unatoa lita 36 hadi 40, basi mifuko 13 au 14. Nunua 16 ili ibaki ya kupaka rangi.

Kwa saruji, moja kwa tano: mifuko 9 au 10 ya kilo 50, mchanga karibu uleule.

Kinachopandisha bei ya chokaa ni siku za fundi. Tabaka tatu, kila moja isizidi milimita 10, na kati ya tabaka na tabaka wiki moja hadi mbili. Anayekuambia atamaliza chokaa kwa siku nne, usimpe kazi.

Kokoto_Ng'ambo

Naheshimu chokaa lakini tusimfunge mwenzetu. Bafu la juu litapigwa chokaa? Haliwezi. Pale maji yanarushwa kila siku na sabuni, na chokaa italainika. Bafuni piga saruji, vigae juu yake, na mteremko wa sakafu angalau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Pili, kuna njia ya kati: chokaa sita, saruji moja, mchanga kumi na nane. Inakaza haraka, fundi harudi mara kumi.

FundiChokaa

Bafuni nakubaliana nawe kabisa, ila vigae viishie kwenye bafu, visitoke kufunika ukuta mzima wa nyuma. Upande mmoja wa ukuta uachwe upumue.

Ile njia ya kati siipendi. Saruji kidogo kiasi hicho haitoshi kuupa mchanganyiko nguvu yake, na hapohapo inaharibu mwenendo wa chokaa: lipu inashika mapema juu, fundi anaacha kuimwagia maji, chokaa ya ndani haikomai. Msimu wa mvua unaofuata inamong'onyoka. Ukitaka ikaze upesi, tumia unga wa tofali za udongo zilizochomwa. Saga, chekecha kwa chekeche la unga, changanya chokaa 1, unga wa tofali nusu, mchanga 2 na nusu. Tofali ziwe za moto wa wastani, zile nyekundu hafifu. Zilizoungua hadi kuwa nyeusi na kung'aa kama kioo hazina kazi hapa. Kwa ile mita moja ya chini penye unyevu mwingi, mchanganyiko huu ndio ningeutumia.

Hatua zenyewe:

Toa lipu ya saruji kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, ukipiga kwa mshazari. Mashine ya kutoboa inatikisa mawe ya ndani, na ukuta huu katikati umejazwa vifusi tu. Vuka sentimita 30 hadi 50 juu ya alama ya unyevu. Kisha acha ukuta wazi ukauke, miezi miwili au mitatu ikiwezekana. Chumvi inayojitokeza ifagie kwa brashi kavu na uitoe nje ya nyumba. Usiioshe, maji yatairudisha ndani.

Loweka chokaa kwenye pipa angalau wiki moja kabla, maji yafunike juu. Ukipata chokaa hai kutoka kwenye tanuri, yaani iliyochomwa lakini haijatiwa maji, mwagia chokaa ndani ya maji, usimwage maji juu ya chokaa: inachemka na kuruka. Vaa miwani na glavu, watoto wakae mbali. Hiyo ilale miezi mitatu.

Mchanga usiwe wa pwani. Jaribu kwa chupa: nusu mchanga, jaza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope la juu likizidi kama sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au utafute mwingine.

Lowesha ukuta jana yake na tena asubuhi. Mashimo makubwa yatomee kwanza kwa vijiwe na chokaa, usiyajaze kwa lipu nene, maana ikizidi inapasuka ikikauka. Tabaka la kwanza rusha kwa nguvu ya mwiko ili lishike. Likianza kukaza, kesho yake, libane tena kwa ubao ili nyufa ndogo zijifunge. Magunia mabichi juu yake kwa siku tano hadi saba. Chokaa inakomaa kwa hewa na unyevu kwa pamoja, ikikauka ghafla inabaki unga.

Mwisho usipake rangi ya plastiki, utarudi palepale. Paka maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Kuna wanaotia chumvi ili rangi ishike. Kwenye ukuta unaougua chumvi hilo ni kuongeza ugonjwa.

Mhandisi_Pwani

Mnazungumzia lipu wakati bati linavuja. Mrithi, mpangilio wa pesa ndio utakaoamua kama nyumba itapona. Kwanza bati na gata. Pili mabomba ya bafu. Tatu maji ya nje: angalia kama kiwango cha njia au ua kimepanda juu ya sakafu ya ndani kwa sababu ya kumwagwa zege mara kwa mara. Kama kimepanda, hata lipu bora duniani haitakauka. Nne dari. Lipu ni ya tano. Pesa zikiisha kabla ya lipu, nyumba itakuwa na kuta mbaya za kuangalia lakini kavu, na ukuta mkavu unaweza kusubiri miaka.

Mabomba ya bafu yasizikwe ndani ya ukuta wa mawe. Yapitishe nje, yaonekane, yashikwe kwa klipu. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa vifusi huosha udongo na chokaa ya katikati, na ukuta unavimba tumbo bila wewe kuona tone hata moja.

Sasa zege. Wengi wanasema ni zito kuliko dari ya asili, yaani boriti zenye tabaka la mawe na chokaa juu yake. Si kweli. Dari ya chokaa ya sentimita 20 ina kama kilo 360 kwa mita ya mraba, zege la sentimita 12.5 lina kama 300. Tatizo liko penginepo. Zege linataka kulaliwa na ukuta, kwa hiyo fundi atachimba mfereji mrefu kuzunguka chumba, sentimita 10 hadi 15 ndani ya ukuta wa vifusi, na mara nyingi ukuta huo mmoja ni wenu na wa jirani. Boriti zinaingia kila moja kwenye tundu lake na kuacha jiwe zima katikati. Mfereji unakata ukuta wote kwa mstari. Halafu nondo: ukuta umejaa chumvi, hewa ni ya bahari, na fundi wa bei nafuu ataacha sentimita moja tu ya zege chini ya nondo. Kutu ikianza nondo inatanuka na zege linaanguka vipande. Boriti iliyooza unabadilisha moja. Zege lililooza unabomoa chumba.

Seremala_Malindi

Kwanza pima unene wa dari kwa kutoboa tundu dogo pembeni. Nyumba nyingi, kila ilipovuja watu waliongeza tabaka juu. Kila sentimita 5 za ziada ni kama kilo 90 kwa mita ya mraba. Ukikuta sentimita 30, kulegea kule katikati kumepata jibu: punguza mzigo kabla ya kununua mti.

Kisha jaribu kila boriti kwa bisibisi, hasa mahali inapoingia ukutani. Ikizama zaidi ya sentimita moja kwa mkono, imeoza. Ikilia kavu ukigonga, iache hata kama ni nyeusi.

Kwa upana wa 2.7 unahitaji urefu wa mita 3.1, sentimita 20 ukutani kila upande. Unene, boriti halisi ni sentimita 11.5 hadi 14. Wauzaji hukupa mazio, ambayo ni 8 hadi 11.5, kwa jina la boriti. Nenda na futi. Na boriti ni miti ya mikoko, ambayo hukatwa kwa kibali, omba risiti na hati ya mzigo.

Boriti nne hazihitaji kubomoa dari. Egemeza kwanza: mbao mbili za inchi 2x6 zilizopigwa pamoja, zikikatiza boriti, sentimita 30 kutoka ukutani, chini yake mirunda kila mita moja, kabari mbilimbili. Dari iko juu, kwa hiyo mirunda inasimama kwenye sakafu ya ghorofa. Lazima egemezo lingine liwe chini yake palepale, hadi ardhini. Mafundi wanaliruka hili, na ndilo linalouwa. Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo. Nyumba kuukuu huwa dhaifu zaidi siku inapoguswa.

Boriti mpya iweke ubavuni mwa iliyooza. Tundu la upande mmoja lichimbe zaidi kidogo ya sentimita 40, iingize kwa kina, kisha irudishe upande wa pili hadi ilale 20 kwa 20. Ncha uziache na nafasi ya hewa sentimita moja au mbili, usizifunge kwa saruji wala nailoni. Dawa: boraksi kilo 1.2 na asidi ya boriki kilo 0.8 kwa lita 20 za maji ya moto, paka mara tatu, ncha zichovye. Dawa hii huoshwa na maji, ndiyo maana bati litangulie. Oili chafu usitumie: inanuka miaka, inashika moto, na chokaa haiigandi.

Mbao za paini zilizotiwa dawa, 2x6 kila sentimita 40, zinavuka mita 2.7 vizuri kama juu ni sakafu ya mbao tu. Chini ya zege la chokaa hazitoshi. Ni njia nafuu ikiwa mko tayari kuondoa dari nzito yote, lakini mtapoteza ubaridi na kila hatua ya juu itasikika chini. Kwa boriti nne tu, sioni haja.

Mrithi_Mkunazini

Nimeelewa, ahsanteni sana. Kwa hiyo bati, bafu, boriti nne, kisha kuta za chini kwa chokaa. Tupige lipu mwezi gani? Na bati lipi?

Mhandisi_Pwani

Bati na boriti malizeni kabla ya masika, yaani kabla ya Machi. Toeni lipu ya saruji mwezi wa Juni mvua zikishakatika, kuta zikauke na upepo wa kusi, mpige chokaa Agosti na Septemba. Kaskazi ni joto kali, chokaa itakauka kabla ya kukomaa. Na ombi la kibali lipelekeni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mapema, likiwa na picha na orodha ya kazi. Mji uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kuanza bila kibali na kusimamishwa huku bati limeshatolewa ni hasara mnayoweza kuikwepa.

Bati: geji 28, si 30. Namba ikipanda unene unashuka. Karibu na bahari lenye mchanganyiko wa alumini na zinki hudumu kuliko la zinki tupu. Tumieni skrubu zenye mpira, kwenye mgongo wa bati, si bondeni.

FundiChokaa

Nyongeza hapo: bati la namna hiyo lisiguse chokaa mbichi wala saruji mbichi, zote zinakula alumini na zinki. Pale bati linapokutana na ukuta, kateni mfereji mdogo ukutani, ingizeni kipande cha nailoni nzito ya lami, kipinde juu ya bati sentimita 15, kisha mzibe mfereji kwa chokaa. Matone yoyote yanayodondokea bati yafuteni kwa maji hapohapo.