Je, asilimia 30 ya ardhi iliyohifadhiwa ni kipimo cha kutosha?

Ndugu washiriki wa mjadala, hoja iliyowekwa mbele yetu ni kwamba Tanzania haina deni la uhifadhi, kwa sababu lengo la kimataifa la bioanuwai lililopitishwa Montreal mnamo Desemba 2022 linataka asilimia 30 ya nchi kavu duniani ihifadhiwe ifikapo mwaka 2030, nasi tulikwisha kuvuka kiwango hicho. Kwa hesabu ya eneo, hoja hiyo ni kweli. Naipinga kwa kuwa lengo hilohilo linataka pia maeneo hayo yawe na umuhimu kwa bioanuwai, yasimamiwe ipasavyo na yaheshimu haki za wenyeji, na hayo hayaonekani kwenye ramani.

Tuitazame Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2008 hifadhi hiyo iliongezewa Usangu pamoja na ardhioevu ya Ihefu, ikapanuka kutoka takriban kilomita za mraba 10,000 hadi zaidi ya 20,000. Katika takwimu za uhifadhi hiyo ilikuwa hatua kubwa mno. Hata hivyo, Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, haukupona kwa kusogezwa mpaka, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yake huchepushwa na mabanio ya mashamba ya mpunga yaliyo juu ya Ihefu. Viboko husongamana katika madimbwi yaliyobaki, ilhali jedwali linasoma kwamba eneo lote limehifadhiwa. Wala wanavijiji wa Mbarali, walioishi na mgogoro wa mpaka huo kwa miaka mingi, hawana safu yao katika jedwali hilo, jambo ambalo mimi naliona kuwa kasoro kubwa kuliko zote.

Msitu wa Mlima Rungwe, kwa upande mwingine, haufiki kilomita za mraba 140, kiasi kisichoweza hata kutikisa asilimia ya taifa. Humo anaishi kipunji, nyani aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 (ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kabla), ambaye hapatikani popote duniani nje ya misitu ya Rungwe, Livingstone na sehemu ndogo ya Udzungwa. Kipande kidogo cha msitu huo kikifyekwa, hasara yake haitaonekana katika takwimu.

Ipo pia misitu ya vijiji iliyotengwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo wananchi wenyewe huifanyia doria. Lakini katika kanzidata ya dunia ya maeneo yaliyohifadhiwa, hifadhi isiyo na ramani ya mipaka huingizwa kama nukta tu, hivyo juhudi za namna hiyo nazo zaweza kukosa kuonekana ipasavyo.

Napendekeza kila hifadhi itolewe taarifa ya eneo, ya hali ya maji na viumbe wake, na ya nani anayeisimamia kwa ridhaa ya nani. Wanaoridhika na asilimia pekee nawaomba wajibu: Ruaha Mkuu ukikatika mwezi Oktoba 2030, kilomita za mraba zinazouzunguka zitahesabiwaje?