Je, mlonge na kitunguu saumu vichukue nafasi ya antibiotiki katika chakula cha kuku wa nyama?

Mleta mada:
Ndugu wafugaji, kuna hoja inayorudiwa kila yanapozungumzwa magonjwa ya kuku wa nyama: kwamba serikali zetu zipige marufuku antibiotiki zinazochanganywa kwenye chakula ili kuharakisha ukuaji, kama Umoja wa Ulaya ulivyofanya kuanzia Januari 2006, na kwamba mlonge, kitunguu saumu, manjano na mwarobaini vinatosha kuziba pengo hilo. Sehemu ya kwanza naiunga mkono bila kusita, kwa sababu dozi ndogo ndogo za kila siku huua bakteria dhaifu na kuwaacha wale sugu, ambao humfikia binadamu kupitia nyama, mbolea au mikono ya mhudumu wa banda.

Sehemu ya pili ndiyo inayonitia shaka. Majani makavu ya mlonge yana protini inayokaribia robo ya uzito wake, lakini yana pia nyuzinyuzi na tanini (kemikali kakasi za mimea) ambazo tumbo la kuku haliziwezi zikizidi. Anayetia kilo mbili katika mfuko wa kilo 50 na anayetia kilo saba hawafanyi jambo moja. Huyu wa pili hatakiwi kushangaa kuku wakila na uzito usipande. Kitunguu saumu nacho hupata nguvu kinapopondwa, kisha nguvu hiyo hupotea upesi, hasa penye joto, hivyo unga uliokaa dukani miezi kadhaa si sawa na kitunguu kilichopondwa asubuhi. Pakiti nilizowahi kununua zimeandikwa «asilia» kwa herufi kubwa, kipimo, hakuna.

Tena wanaoitaja Ulaya husahau kwamba marufuku ile haikugusa dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo vinavyowaharisha kuku damu), ambazo huko bado zinaruhusiwa kwenye chakula cha kuku. Hawakubaki na majani peke yake.

Mfugaji wa Kibaha:
Mleta mada, nakuheshimu, lakini unaongea kama mtu asiyenunua chakula kwa fedha yake. Mimi nafuga vifaranga 300, na tangu nianze kuwapa kitunguu saumu na tangawizi kwenye maji, nimemaliza awamu tatu bila kununua antibiotiki hata pakiti moja. Katika kipindi hicho hicho nilipunguza msongamano bandani na sikuacha tena maranda yalowane, ila naamini tiba ni kitunguu.

Mleta mada:
Ndugu yangu, hongera kwa awamu hizo tatu, na kuhusu fedha umenibana kidogo. Hata hivyo umebadilisha mambo matatu kwa pamoja ukakisifu kimoja. Koksidia hustawi kwenye maranda yaliyolowa, na kuhara damu hupungua yanapokauka, awe kuku amekula kitunguu au hajala. Kideri na Gumboro, ambazo ni virusi, huzuiwa kwa chanjo, na hapo antibiotiki na mwarobaini vyote havisaidii. Awamu ijayo gawa banda lako katikati: vifaranga wa mtotoleshaji mmoja, chakula kimoja, maranda ya aina moja, upande mmoja upate kitunguu na mwingine maji matupu. Pima uzito na chakula kila wiki hadi wiki ya sita, uhesabu vifo vya kila upande, kisha utuletee daftari hapa.