Mjadala: Bustani za barabarani Dar zipandwe mimea yenye simulizi zake, au maua ya kupendeza macho tu?

Wakuu, heshima kwenu. Kuna ubishi unaorudi kila maua yanapopandwa upya katikati ya barabara na kwenye vipilefti vya jiji. Kuna wanaosema bustani ya umma ni urembo: chagua chenye rangi, mwagilia, basi. Wengine wanasema mimea yenye mila na imani zake ibaki vijijini, isije ikaleta ushirikina mjini. Mimi nawapinga wote. Dar ipande mimea ambayo wakazi wake wana la kusimulia, na kila mmea uwekewe kibao chenye simulizi hiyo kwa Kiswahili.

Chukueni drasena, lile jani refu la kijani linalowekwa kwenye vyungu mapokezi ya hoteli. Wengi tunalipita kama pambo. Mchaga akiliona anakumbuka isale, mmea wa jamii hiyo hiyo. Kwao isale hupandwa mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na makaburini, na aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani lake kuomba msamaha, mkosewa hana namna nyepesi ya kukataa. Jiji hili limejaa watu wa Kilimanjaro, na watoto wao waliozaliwa Mbezi na Tabata wanapita kwenye mmea huo bila kujua babu zao waliupa uzito gani.

Tuje kwa wenyeji wenyewe. Wazaramo wana mkole, mti ambao mwali huchezwa chini yake. Hapa ndipo kwao, ila mtaani hukuti mkole uliopandwa ili watu waujue. Pwani nzima nayo ina kikuba. Asumini huchumwa jioni zikiwa bado zimefumba, zinatungwa kwa sindano na uzi, zinachanganywa na majani ya mrehani, kilua na vipande vya mkadi, kisha kikuba kinabanwa kifuani au kwenye nywele. Usiku zile asumini zinafunguka na harufu inajaa chumba kizima. Mimea ya kikuba ingejaza bustani nzima, na watu wangesimama kunusa.

Najua nitaambiwa, "Mbona asumini nayo ya kuja?" Kweli, asili yake ni Asia. Mwarobaini umetoka huko huko, na mkrismasi unaowaka nyekundu kila Desemba ni wa Madagaska. Ndiyo maana sisemi tung'oe mimea ya kigeni. Hata bogenvilia ya Amerika Kusini ibaki, siku moja itapata simulizi zake. Ninachokataa ni kupanda kitu ambacho hata anayekimwagilia hana neno la kusema juu yake.

Hoja ya ushirikina siioni. Mibuyu ya Oysterbay imesimama miaka yote na hadithi zake za mashetani, na hakuna aliyeacha kupita barabara ya Toure kwa sababu hiyo. Kusoma habari ya mti kwenye kibao si kuuabudu.

Halafu simulizi zinalinda watu, jambo ambalo wapenda urembo hawaligusi. Aliyekulia penye uzio wa minyaa aliambiwa mapema kabisa kwamba utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na ni kweli. Sasa tazameni oleanda, yenye maua ya waridi na meupe. Ina sumu kuanzia jani hadi mbegu, nayo ni kichaka cha mapambo kinachopendwa sana. Hatukurithi onyo lolote juu yake, na mtoto akichuma ua lake hakuna wa kumzuia.

Maji pia tuyahesabu. Mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua tulipewa maji kwa mgao. Ukoka unaosubiri boza kila siku ya kiangazi ni gharama tunayojitwisha wenyewe wakati shubiri inavumilia jua.

Pa kuanzia papo: Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha 1893 wakajaribia humo mazao waliyoyataka wao. Kipande kimoja tu kitengwe kwa isale, mkole na mimea ya kikuba, vibao viandikwe na wazee wanaoijua, kisha tuhamie Mnazi Mmoja.

Wenye hoja pinzani karibuni, ila jibuni na hili la oleanda. Na nyie wa Rufiji, Lindi, Tanga na Bukoba, tajeni mmea mmoja wa kwenu unaostahili kupandwa hapa mjini, na mseme wazee wanasema nini juu yake.