Kundi la mijadala ya siasa kuhama WhatsApp: Telegram au Signal? Naomba ulinganisho wa waliotumia

KoroshoNewala (mleta mada)

Wakuu salaam.

Tuna kundi la WhatsApp la mijadala ya siasa, watu 340 na ushee. Lilianza Juni 2023, wiki ile Bunge liliporidhia makubaliano ya bandari na Dubai. Wengi wetu hatujawahi kuonana. Tulikutana kwa kubishana kwenye maoni ya mitandaoni, mmoja akasema jamani tutafute mahali pamoja tubishane kwa utulivu. Wapo wa chama tawala, wapo wa upinzani, wapo wasiotaka kusikia habari ya chama chochote. Hicho ndicho ninachokipenda na sitaki kife.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mama mwenye hoja nzito kuliko wengi wetu, alibishana na mtu kuhusu tume ya uchaguzi. Kesho yake namba yake ikasambazwa kwenye makundi mengine pamoja na jina lake kamili na maneno machafu. Alipigiwa simu siku nne mfululizo, nyingine saa nane za usiku. Akatoka kwenye kundi. Mimi ndiye admini na mimi ndiye niliyemwalika, kwa hiyo jambo hili linanikaa kifuani.

Nimeamua tuhame. Ninachotaka: namba zisionekane, simu ya bei ndogo iweze kubeba, wazee wetu waweze kutumia, na watu wa pande zote wabaki. Waliotumia hizi mbili naomba mnipe ukweli wake.

Sangara_Mwanza

Telegram mkuu, usijiulize mara mbili. Kila kitu kimefungwa, kundi linabeba watu hadi 200,000, na namba unaificha. Ndiyo maana serikali nyingi zinaichukia.

FundiSimu_Kkoo

Sangara, hapo kwenye "kila kitu kimefungwa" naomba nikusahihishe, kwa sababu kosa hilo linaweza kumgharimu mtu.

Telegram ina mazungumzo ya siri ambayo yanafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya mwenzako tu. Lakini hayo ni ya watu wawili, na lazima uyawashe mwenyewe. Kundi la Telegram halina kitu hicho. Ujumbe wa kundi unakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni, na funguo wanazo wao. Pavel Durov, mwanzilishi wa Telegram, alikamatwa Ufaransa Agosti 2024, na mwezi uliofuata kampuni ikabadili masharti: ikipata amri halali ya kisheria inaweza kutoa namba ya simu na anwani ya IP ya mtumiaji, yaani namba inayoonyesha intaneti aliyotumia. Simlaumu wala simsifu. Nasema tu, msiingie huko mkidhani mko ndani ya kasha la chuma.

WhatsApp kwa upande huo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Tangu Aprili 2016 mazungumzo yote, na ya makundi pia, yanafungwa mwanzo hadi mwisho, kwa utaratibu ule ule uliobuniwa na watu wa Signal. Wanachojua ni nani anaongea na nani, lini, mara ngapi, yupo kundi gani. Hilo si dogo, lakini si sawa na kusoma maneno yako. Shimo jingine ni nakala mnazohifadhi mtandaoni. Usipowasha kufuli la nakala, na kufuli hilo limekuwepo tangu 2021, unafunga mlango wa mbele na kuacha dirisha.

Signal ndiyo inayohifadhi kidogo kuliko zote. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka watoe taarifa za mtumiaji. Walichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Basi. Kundi linabeba watu 1,000, kwa hiyo 340 mnaenea.

Sasa rudini kwenye kisa cha mleta mada. Hakuna aliyevunja kufuli lolote pale. Mtu aligusa jina la yule mama kwenye kundi akaona namba. Kisha akaenda kwenye menyu ya kutuma pesa kwa simu, akaweka namba, na kabla hajathibitisha likatokea jina kamili lililosajiliwa. Tangu Januari 2020 laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo jina hilo ni la kweli. Hapa kwetu namba ya simu ni kitambulisho. Anayeiona ameshakuona sura.

Ndiyo maana kwa kundi la watu wasiojuana swali langu la kwanza ni moja: nani anaiona namba? WhatsApp, kila mwanakundi anaiona. Telegram, unaweza kuificha, ila ingia kwenye mipangilio ya faragha ufanye vitu viwili: anayeona namba weka "hakuna", na anayeweza kukutafuta kwa namba weka "walio kwenye orodha yangu". Wengi wanafanya la kwanza wanasahau la pili. Waandamanaji wa Hong Kong waligundua mwaka 2019 kwamba mtu akiingiza maelfu ya namba kwenye simu yake, Telegram inamwonyesha zipi zimo kwenye kundi. Signal, tangu mwanzoni mwa 2024, namba imefichwa bila wewe kugusa chochote na unatumia jina la kujichagulia. Bado utahitaji laini ya kujiandikisha.

MkaaziLikoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Jambo moja kuhusu Telegram: hapa Kenya ilikuwa shida kuifungua Novemba 2023 wakati wa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, na 2024 ikawa vivyo hivyo. Sababu iliyotolewa ni wizi wa mitihani. Kundi letu la wavuvi na mambo ya bahari lilikuwa huko, tukakaa bila habari wiki kadhaa kwa kosa lisilotuhusu ndewe wala sikio. Mkichagua Telegram muwe na pa kukimbilia.

NtindaTZ

Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Kampala. Uganda walitozwa kodi ya mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, shilingi 200 kwa siku, watu wakajifunza VPN, programu inayopitisha intaneti yako njia nyingine, kuanzia kwa muuza ndizi hadi mhadhiri. Januari 2021 mitandao ikafungwa, kisha intaneti nzima siku za uchaguzi, na iliporudi Facebook haikurudi nayo. Na sisi nyumbani yametufika 29 Oktoba 2025. Siku ile mtandao ulipozimwa, mwenye Signal na mwenye WhatsApp walikuwa sawasawa. Kwa hiyo msinunue programu kwa hofu ya kuzimiwa.

Ila nina wasiwasi mkubwa zaidi kwa mleta mada. Ukihamia Signal utapoteza watu. Bando langu la mitandao ya kijamii nikiwa nyumbani halikuihesabu Signal, ilikuwa inakula bando la kawaida. Mtu wa Newala au Nachingwea anayeweka la wiki hatakufuata kwa ajili ya mjadala. Na wa chama tawala watauliza mnaficha nini. Utabaki na vijana wa mjini wanaokubaliana.

MzeeWaBaraza_Ng'ambo

Vijana, mie nnaona mnatafuta dawa na ugonjwa hamjautaja. Ugonjwa ni kuwa mtu anamtukana mtu asiyemjua, wala hajui ni mtoto wa nani.

Hapa Unguja siasa tumezijua kwa machungu yake. Tangu vyama vingi viliporudi 1992, tulifika pahala watu wa vyama viwili hawazikani, mtu anapita duka la jirani akanunue mbali kwa sababu ya bendera. Maridhiano yalikuja Novemba 2009 na kura ya maoni Julai 2010. Waliokuwa hawasalimiani wakarudi kukaa baraza moja, kahawa moja. Walitazamana usoni. Barazani ukisema neno baya, jioni baba yako ameshapata habari. Hilo lina nguvu kuliko kufuli la simu. Sasa mkificha majina yote, nani atamwonea haya nani? Mie nasema watu watumie majina yao ya kweli, na admini awe mkali.

MamaWawili

Shikamoo mzee. Mimi ndiye huyo mama aliyesemwa hapo juu. Nimejiandikisha leo ili nikujibu wewe.

Nilichosema kwenye kundi ni kwamba ibara ya 74 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuteua wajumbe wa tume ya uchaguzi, na ibara hiyo hiyo inazuia mahakama kuchunguza kazi ya tume, kwa hiyo kubadili jina la tume hakujagusa kiini. Sikumtukana mtu. Niliandika nikiwa nimeweka Katiba mezani.

Waliofanya yale, mzee, jina langu walilijua. Jina ndilo walilolitumia. Walimpigia hadi mwajiri wangu wakimuuliza kama anajua anaajiri watu gani. Mwanangu wa darasa la sita alipokea simu moja, maneno aliyoyasikia mpaka leo hajayarudia, ananiangalia tu. Wao hawakumwonea haya mtu, ingawa jina langu la kweli lilikuwa pale.

Na baraza hilo unalolisifu mimi nalijua. Nalipita. Sijawahi kukaa. Mara ya kwanza katika maisha yangu kubishana na wanaume juu ya Katiba hadi wakanyamaza kufikiri ilikuwa kwenye kundi lile. Naomba msinirudishe kwenye kupita.

FundiSimu amesema kweli. Picha ya ujumbe wangu ilipigwa na mtu wa ndani. Hakuna programu ingezuia hilo.

MzeeWaBaraza_Ng'ambo

Marahaba mwanangu. Pole sana, na nisamehe. Nimesoma mara mbili, na sina la kukupinga.

Kwenye namba, nimekubali, zifichwe. Nabaki na neno moja. Washairi wa magazeti ya Kiswahili walitumia lakabu, na mtu akajulikana kwa lakabu ile miaka na miaka, akajibiwa, akaheshimiwa, akaulizwa "mbona mwaka juzi ulisema vile?" Basi kila mtu awe na lakabu moja asiyoibadili. Anayebadili jina kila wiki atolewe. Hivyo neno lake litamganda na nyumba yake itabaki salama.

MswahiliMuscat

Naunga mkono. Sisi tulio Ghuba tuna sababu ya ziada: tuko kwa kibali cha kazi, na huku sheria za maneno ya mtandaoni ni kali. Nimekuwa nikisoma tu makundi ya nyumbani miaka yote, siandiki. Kwa lakabu ningeandika. Tena kupiga simu kwa WhatsApp huku kumetusumbua miaka mingi, kwa hiyo kujifunza programu mpya kwetu si ajabu.

Sangara_Mwanza

Fundi nimekuelewa, nimerekebisha mipangilio yangu, ya pili kweli ilikuwa wazi. VPN je, haiwezi kusaidia watu kubaki WhatsApp?

FundiSimu_Kkoo

VPN inaficha njia uliyopita, haifichi namba mliyopeana mlangoni. Yule aliyemsumbua mama hapa hakuhitaji kujua njia. Na kumbuka Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitaka wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo nayo ina mambo yake.

Kwa 340 wasiojuana mimi ningeenda hivi. Telegram ni sawa mkikubali kwamba kundi ni uwanja wa wazi na hakuna linaloandikwa pale ambalo usingelisema sokoni. Signal ni bora ikiwa mnataka namba zifichwe na maneno yafungwe pia. Ila mkumbuke Machi 2025, wakubwa wa usalama wa Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen kwenye Signal, na wakamwingiza mhariri wa jarida kundini kwa bahati mbaya. Kufuli lilifanya kazi yake. Mlango ulifunguliwa na mwenyeji. Kiungo cha mwaliko kisiwekwe hadharani, kila anayeingia aidhinishwe na admini, na ujumbe ufutike wenyewe baada ya wiki moja. Mambo hayo matatu yatawafaa kuliko ubishi wa programu ipi.

Na sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 iko pale pale. Kifungu cha 16, taarifa za uongo, faini haipungui milioni tano au jela miaka isiyopungua mitatu. Lakabu si kinga ya kusema uongo.

KoroshoNewala (mleta mada)

Asanteni wote. Nimesoma kila kitu na nimeongea na maadmini wenzangu wawili.

Tumechagua Signal. NtindaTZ, ulichosema kimenitia hofu na kimeanza kutokea. Nimefungua kundi jana, tumeingia 41, na wa chama tawala ninaowafahamu ni sita tu. Sitaki kundi la watu wa upande mmoja, heri nisiwe nalo. Kwa hiyo lile la WhatsApp halifungwi. Litabaki miezi mitatu kwa matangazo tu, maadmini peke yao ndio wataandika, na kila wiki nitaweka muhtasari wa kilichojadiliwa kule ili asiye na bando asiachwe. Waliobaki nitawapigia mmoja mmoja, nikianza na wale tunaopingana nao.

Lakabu moja kwa kila mtu, kama alivyosema mzee. Atakayetoa picha ya ujumbe wa mwenzake nje, anatoka siku hiyo hiyo hata akiwa rafiki yangu.

Mama, mlango uko wazi. Sikulazimishi.

MamaWawili

Nitumie kiungo kwa ujumbe binafsi. Lakabu yangu ni Ibara ya 74.

Na yule kaka niliyekuwa nabishana naye siku ile, nina hakika si yeye aliyesambaza. Mwalike. Alikuwa hajamaliza kunijibu.