Mamluki wachezeshwe mpira wa miguu, netiboli ndiyo tufungiwe?

Wakuu, nimevumilia wiki mbili, leo nimeshindwa.

Chuo chetu (sikitaji) kimefungiwa mwaka mzima michezo ya vyuo. Yote! Mpira wa miguu, netiboli, wavu, riadha, mpaka bao. Kisa timu ya mpira wa miguu ilichezesha mamluki wawili, mmoja anakipiga ligi ya mkoa, akaingizwa kwa kitambulisho cha mwanafunzi aliyeahirisha masomo. Hao wafungiwe, sina ubishi. Mimi ni kapteni wa netiboli. Nimekosa nini?

Tangu Januari tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Jezi tulichangishana elfu kumi na tano kila mtu, maana chuo kilisema fungu hakuna. GK wetu (mlinda goli) raba zake zimeshonwa mara tatu na fundi wa pale getini, na yuko mwaka wa mwisho, hana mashindano mengine tena. Barua tukaikuta imebandikwa ubaoni, mistari minne, neno netiboli halimo.

Nikamfuata mzee mmoja wa kamati. Akanijibu, "Binti, hata Marekani chuo kikikosa kinafungiwa."

Marekani ipi? Mwaka 1987 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, waliibana chuo kikuu cha SMU cha Dallas, Texas, kwa adhabu ambayo mpaka leo inaitwa ya kifo. Wachezaji 13 walikuwa wamelipwa kwa siri dola 61,000 hivi, na chuo kilikuwa tayari kinatumikia adhabu kwa makosa ya namna hiyo hiyo. Kilichofutwa ni msimu wa futiboli ya Kimarekani. Timu nyingine za chuo ziliendelea kucheza, na hao wana futiboli wenyewe wakaruhusiwa kuhamia vyuo vingine wakacheze. Na kwa timu hiyo moja tu, madhara hayakuwa madogo: SMU haikupata tena mechi ya bowl ya kufunga msimu mpaka 2009. Sasa fikiria kumwagia chuo kizima.

Halafu mzee asichokisema ni hiki: Bill Clements, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya SMU na wakati huo gavana wa Texas, alikiri mwenyewe kwamba yeye na wenzake waliridhia malipo yaendelee. Uozo ulikuwa juu. Kwetu nako fomu za usajili kuna mtu alizisaini akagonga muhuri. Juzi nimemkuta kantini anakunywa chai na chapati, cheo chake kiko pale pale. Adhabu ikitaka kuvuka timu, ipande kwake. Inashukaje kwa mabinti ambao hata hizo fomu hatujawahi kuziona?

Rufaa mwisho Ijumaa, na ada yake ni laki mbili na nusu. Tumeshakusanya elfu tisini. Mwenye kuzijua kanuni za mashindano ya vyuo, au mwanasheria wa kutusaidia kuandika barua, aje PM leo leo, tafadhali.