Ulimjua Whoopi Goldberg kwa filamu gani? Tupeane uzoefu

MzeeWaBanda: Wakuu, jana nimeangalia Sarafina! na wanangu. Nikawaambia Whoopi, aliyecheza yule mwalimu wa historia, Mary Masombuka, ni Mmarekani, wakanishangaa: baba, hiyo nayo ni habari? Mimi nilikaa miaka nikiamini ni mtu wa Soweto kabisa. Tuliionea banda la video la mtaani, nimekalia ndoo. Askari walipomchukua mwalimu, banda zima kimya, hata muuza karanga akaacha kutikisa sarafu zake. Kumbe mzaliwa wa New York, 1955, jina la kwao Caryn Johnson! Nyie mlimjulia wapi? Shusheni.

BintiMvita: Mie sikumuona, nilimsikia. The Lion King ya 1994, yule fisi jike ni sauti yake. Filamu ilipokwisha, kakangu akawa asoma majina kwa sauti kubwa, kujionyesha Kiingereza. Mamangu yuko jikoni, asikia tu "Shenzi! Shenzi!" Akaja na mwiko mkononi: nani amtukana mwenziwe humu? Tukamwambia ni jina la fisi. Akasema basi hao Wamarekani walimuuliza nani, akarudi kwa nazi yake.

Kidato2B: Shule ya masista, Jumamosi usiku, tukawekewa Sister Act. Mwimbaji wa klabu anashuhudia mauaji, anafichwa kwenye nyumba ya watawa. Sista mlezi, ambaye meno yake hatukuwahi kuyaona, alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake kwaya ikaruhusiwa kupiga makofi kanisani. Jumapili hiyo moja tu.

Chalii_R: Mimi The Color Purple, ndiyo iliyompa tuzo ya Oscar.

MzeeWaBanda: Hapana, chalii. Hiyo ya 1985, ya mwongozaji Spielberg, iliteuliwa mara 11 ikarudi mikono mitupu, na yeye akiwa mmoja wa walioteuliwa. Oscar aliichukua 1991 kwa Ghost, akicheza Oda Mae Brown, mpiga ramli tapeli anayeanza kusikia wafu kweli. Mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa uigizaji alikuwa Hattie McDaniel, 1940. Wa pili ndiye huyu. Hesabu mwenyewe hapo katikati. Na kwa maoni yangu, baada ya hapo Hollywood ilimpa filamu kadhaa za hovyo ambazo hakustahili.

MamaJunia: Nami The Color Purple, ila kwa sababu nyingine. Mwanangu wa kwanza alifika darasa la nne hajui kusoma. B inageuka d, mstari unaruka. Mwalimu wake alimwita mzigo mbele yangu, nikaitikia kwa aibu, jambo ninalojutia mpaka leo. Baadaye nikaambiwa hali hiyo inaitwa disleksia, na kwamba Whoopi anayo, aliacha shule akiwa kijana. Nikaitafuta filamu. Humo anacheza Celie, na mdogo wake Nettie anamfundisha kusoma kwa kubandika majina kwenye vitu vya nyumbani. Jamani, nilisimamisha palepale. Usiku huohuo nikakata karatasi: SUFURIA, MLANGO, NDOO. Baba yake akabandikiwa BABA kwenye shati, akaenda nalo dukani bila kujua. Kijana sasa anasoma, polepole, kidole kwenye mstari. Karatasi ya mlango bado ipo.

Chalii_R: Mama, umenimaliza. Nafuta la Oscar.

BrashiMbili: Nimekuwa msomaji tu humu, leo niseme. Mimi ni wa saluni, naremba maharusi. Miaka miwili nilikuwa naitwa pia mochwari, kuwaremba marehemu kabla ndugu hawajawaona. Sikumwambia mtu, hata mchumba wangu. Watu wakijua hawakupi tena uso wao. Siku moja nikasoma kwamba Whoopi, kabla hajapata jukwaa, alikuwa na leseni ya urembo na akafanya kazi hiyohiyo, kupaka maiti poda. Nikamwonyesha mwenzangu picha yake ameshika Oscar, nikamwambia: huyu na mimi tumefanya kazi moja. Nikamweleza yote.

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama brashi ni zilezile.

Dada zangu mnaokuja kwangu Jumamosi, si zilezile.

BintiMvita: Na sponji je?